Nyimbo za Kijapani za saluni yetu Braamfontein, na video niliyoirusha bila ruhusa

Wakuu, nawasalimu kutoka Jozi, Johannesburg. Baridi limeshaanza kung'ata huku, naandika nikiwa nimejifunika khanga mbili juu ya sweta.

Mimi humu ni msomaji zaidi ya mwandishi. Miaka yote nasoma nyuzi zenu, nacheka, nalala. Leo nimeona na mimi niandike, na nitaandika kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu ambazo mimi mwenyewe si mtu mzuri. Anayetafuta chai, stori za kutunga, atafute kwingine, hapa hamna.

Kilichonisukuma ni kitu kidogo tu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye basi, natoka kununua rasta mjini. Mbele yangu amekaa binti wa chuo, simu yake inapiga muziki kwa sauti, hana habari na mtu. Gitaa likaanza. Halafu ngoma. Halafu sauti ya mwanamke, nyembamba kama uzi, anaimba Kijapani.

Nikashika chuma cha kiti. Kituo changu kikapita. Kilichofuata nacho kikapita. Nilishuka wimbo ulipoisha, nikarudi kwa miguu na mfuko wangu wa rasta, njia nzima nalia kama mjinga. Jamaa mmoja muuza ndizi kwenye robot (huku taa za barabarani tunaziita hivyo) akaniuliza kama nimeibiwa.

Sasa mtu mzima, msusi kutoka Morogoro, mama wa watoto wawili, analizwa na bendi ya Japani kwa lipi?

Ndiyo hayo naeleza.

Nilipofika Jozi mara ya kwanza nilipata kiti kwenye saluni moja Braamfontein, ghorofani, juu ya fundi simu. Mwenye saluni alikuwa Mama Odette, Mkongo wa Lubumbashi, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu sokoni lakini moyo laini. Wasusi tulikuwa wawili, mimi, jina langu Tatu, na Mapendo.

Mapendo alikuwa Mkongo pia, ila wa Uvira. Mrefu, mwembamba, vidole virefu. Anasuka haraka mpaka unahisi ana mikono mitatu.

Ila haongei.

Siyo kiburi. Ukimsalimia anaitika vizuri, ukiwa na njaa anakumegea chakula chake. Lakini mwulize habari za kwao, ndugu wangapi, alikujaje huku, atakwambia "Tuko wengi tu," halafu anakuomba chanuo ambalo liko mbele yake.

Na hata Kiswahili chetu siku za mwanzo kilikuwa kinapishana. Mimi nikisema "poa", yeye anadhani naongelea chai.

Shida kubwa ya ile saluni ilikuwa muziki. Mama Odette anataka nyimbo za dini asubuhi mpaka jioni. Mimi nataka bongo fleva. Wateja wengi ni wanafunzi, wanataka amapiano. Mapendo hataki chochote. Kila siku mtu anabadilisha, mwingine anarudisha, mteja ananuna. Kuna siku Mama Odette aliificha spika kwenye ndoo ya taulo chafu.

Basi akaja Nomvula.

Nomvula alikuwa mwanafunzi wa sanaa hapo chuoni, mzaliwa wa Soweto, binti mchangamfu, miwani mikubwa. Alitaka rasta nyembamba za rangi ya bluu na fedha, zifike magotini. Akatuonyesha picha kwenye simu: mwanamke wa Kijapani jukwaani, nywele za bluu mpaka chini, joho jeupe, upanga kiunoni. Nyuma yake wanaume watano, mmoja ana pembe kichwani, anapiga ngoma.

Mama Odette alipoziona zile pembe akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Akaniambia nimuulize binti kama hao ni mashetani.

Nomvula akacheka, akaeleza, mimi natafsiri. Ni bendi tu. Wanapiga pop yenye magitaa ya rock. Ila nyimbo zao zote zinahusu nchi moja ambayo wameitunga wenyewe: misitu inayoongea, mazimwi, meli zinazopita angani, mfalme aliyepotelewa na kivuli chake. Kila albamu ni sura ya ile hadithi. Kule kwao wanajaza viwanja, na nyimbo zao kubwa hata watoto wa shule wanazijua.

Mama Odette akatoa hukumu: muziki upigwe, picha zisibandikwe ukutani.

Kazi ile ilituchukua siku mbili, mimi upande wa kulia, Mapendo wa kushoto. Nomvula alikuja na flashi yenye nyimbo kumi na moja, akachomeka kwenye spika, zikawa zinazunguka tu. Jioni ya siku ya pili tulipomaliza, akajizungusha mbele ya kioo kama mtoto wa sikukuu. Akatuachia flashi, eti zawadi.

Mnaotaka jina la bendi, mtanisamehe. Nomvula alilitamka, mimi nikashindwa kulirudia. Na kwenye spika majina ya nyimbo yalikuwa yanatokea vibox vibox tu.

Asubuhi yake mimi nikawahi kuweka bongo fleva. Mama Odette akapandisha sauti kuhusu dhambi. Katikati ya mvutano, Mapendo akaja taratibu, akachomeka ile flashi.

Hakuna aliyebisha. Ule muziki haukuwa wa mtu yeyote kati yetu, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa. Ukabaki.

Ndani ya wiki mbili tulikuwa tunazijua zote, na kwa kuwa hatuwezi kusoma majina, tukazibatiza. Kulikuwa na Wimbo wa Farasi, ngoma zake zinakwenda kama kwato. Kulikuwa na Harusi, na Mwizi, maana gitaa lake linanyatia kisha linakimbia. Kulikuwa na mmoja Mama Odette aliuita Injili kwa sababu una kwaya. Huo yeye mwenyewe alikuwa anaupandisha sauti, na "haleluya" anaongeza ya kwake.

Halafu siku moja Mapendo akaongea.

Wimbo wa Farasi unapiga, mteja ameuliza huu unahusu nini. Nikasema hatujui. Mapendo, bila kuinua macho kwenye kichwa anachosuka, akasema, "Huyu mwanamuke iko anatembea mu pori. Amechoka, lakini hawezi kukaa chini. Akikaa, bale benye bako nyuma yake batafika."

Mteja akauliza, halafu? Mapendo akaendelea. Wimbo ulipoisha na mwingine kuanza, akaendelea na huo.

Wakuu, yule dada alikuwa anasimulia mpaka unasahau nywele zako zinavutwa. Kila wimbo akaupa sehemu yake. Yule mwanamke anavuka ziwa, anauza kitenge chake apate nauli, analala kwenye uwanja wa kanisa, anapanda lori la saruji. Wateja wakaanza kuja kwa ajili yake. Mimi nilikuwa natafsiri kwa Kiingereza, na wasiojua hata hicho wanasikiliza sauti tu.

Nomvula aliporudi kurekebisha nywele akasikia, akacheka sana. Akasema Wimbo wa Farasi hauna farasi wala mwanamke, unahusu zimwi linalolinda daraja na halipendi kelele za wapita njia. Nikamtafsiria Mapendo. Akatabasamu, akasema wao wako na yao, yeye yuko na yake.

Ila kulikuwa na wimbo mmoja, wa nane, ambao hakuwahi kuusimulia. Unaanza na kinanda polepole, kama matone juu ya bati. Mimi niliuita wa Mvua. Ukifika huo, Mapendo anabonyeza spika kwa kiwiko, unarukwa. Nilidhani haupendi.

Hapa naomba mnivumilie, mteja ameingia. Narudi.

Nimerudi. Nywele zilikuwa ngumu, vidole vimechoka, mtaona makosa ya uandishi.

Sasa nafika kwangu.

Ilikuwa siku ya katikati ya wiki, baridi, hakuna wateja. Mama Odette ameenda kufuatilia karatasi zake za ukaazi. Mimi nikashuka kununua chakula, nikafika chini nikakumbuka sijachukua kofia, nikapanda tena.

Nikasikia wimbo wa nane unapiga mpaka mwisho wa sauti. Na mtu anaimba juu yake.

Nikachungulia. Mapendo amenipa mgongo, yuko kwenye sinki anafua taulo, anayumba taratibu, macho amefumba. Sehemu ya kiitikio anaigiza Kijapani, maneno ya kubahatisha. Lakini kwenye beti ameweka maneno mengine, ya kwao, Kifuliiru. Mimi sikielewi. Yalikuwa yanakaa kwenye ule muziki kana kwamba ulitungwa kwa ajili yake.

Nikatoa simu.

Nilimrekodi kupitia kioo kikubwa cha ukutani, maana ndipo uso wake ulipokuwa unaonekana. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa kucheka. Nikashuka ngazi, kabla sijafika kwenye duka la chakula nikawa nimeshairusha kwenye grupu letu la Wabongo wa Jozi. Nikaandika "Mjapani wa Uvira" na vikatuni vya kucheka machozi.

Sikuwa na chuki naye. Nataka mjue hilo, na najua halisaidii. Niliona kichekesho, nikakirusha, basi.

Mpaka jioni ilikuwa imeingia kwenye magrupu ya Wakongo, ya Warundi, ya makanisa. Watu wananitumia mimi video yangu mwenyewe, wananiambia dada cheki huyu.

Mapendo alikuwa na simu ya kitochi, kwa hiyo hakuiona. Siku mbili baadaye akaja mteja mpya, dada wa Diepsloot, akapita moja kwa moja mpaka kwake, akamuuliza kwa kicheko kama yeye ndiye Mjapani. Akamwonyesha.

Mapendo aliangalia mpaka mwisho. Alinigeukia akaniuliza, "Ni weye?"

Nikasema ni mimi.

Akachomoa flashi kwenye spika, akaitia mfukoni, akaendelea kumsuka yule mteja. Vizuri kabisa, mistari imenyooka.

Hakunisemesha tena. Wiki tatu, wakuu. Mnafanya kazi viti viwili vimegusana, mnapokezana chanuo, na hakuna neno. Mama Odette akarudisha nyimbo zake za dini na mimi sikubisha. Wateja waliokuwa wanafuata simulizi wakaacha kuja.

Nilimwomba msamaha siku ya nne. Akajibu, "Nimesikia." Kusikia siyo kusamehe, hilo nalijua.

Mama Odette ndiye aliyenikalisha chini. Alikuwa anajua habari zote, Mapendo alimweleza siku alipoomba kazi. Yale maneno ya Kifuliiru, akaniambia, mama yao alikuwa anawaimbia yeye na mdogo wake akiwaogesha. Mama ameshafariki. Na mdogo wake, Riziki, walipotezana Tunduma, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia. Mvua ilikuwa kubwa, wasafiri wakagawanywa kwenye malori mawili. Mapendo ndiye aliyemwambia mdogo wake tangulia, nakuja nyuma yako. Lori la pili likashika njia nyingine. Simu pekee waliyokuwa nayo ilikuwa na Riziki, na namba yake haikupatikana tena. Tangu hapo miaka minne, hajui kama yuko hai.

Kila wimbo aliotusimulia pale saluni ulikuwa yeye mwenyewe. Wa Mvua aliukwepa kwa sababu unafika Tunduma.

Na mimi nimeuweka kwenye magrupu na vikatuni vya kucheka.

Usiku ule nilipitia grupu zote nilizomo, nikawaandikia watu wafute. Wengine walifuta. Wengine wakanitumia vikatuni vilevile. Ukishafungua mfuko wa unga kwenye upepo, utaokota nini?

Nikafikiria kuacha kazi. Nilikuwa nimeshaulizia kiti kwenye saluni nyingine Soweto.

Ndipo ikapigwa simu.

Ilikuwa Jumanne mchana. Simu ya Mama Odette, namba ya nje. Alikuwa na mikono yenye dawa ya nywele, akaniambia nipokee niweke sauti ya wazi. Sauti ya msichana, Kiswahili cha Uvira kabisa, ikauliza kama hapo ni saluni. Nikasema ndiyo. Ikauliza kama kuna mtu hapo anaimba.

Nilidhani ni mtani mwingine. Nilitaka kukata.

Halafu yule msichana akaimba. Mstari mmoja tu, polepole, bila muziki. Yale maneno ya kwenye sinki.

Mapendo alikuwa na vidole ndani ya nywele za mteja. Vikasimama. Mstari ulipoisha, yeye akaimba mstari unaofuata.

Simu ikasema, "Yaya?" Kwao ndivyo wanavyomwita dada mkubwa.

Mapendo akakaa chini. Sakafuni, kwenye nywele zilizokatwa. Nikapiga magoti nikamshikia simu sikioni kwa sababu mikono yake haikuwa inashika kitu. Mama Odette akageukia ukuta. Mteja, kichwa kimesukwa nusu, alikuwa Mzulu na hakuelewa hata neno moja, na yeye alikuwa anafuta macho.

Baadaye tulijua ilivyokuwa. Riziki alikuwa Lusaka, anashona nguo sokoni. Mwanakwaya mwenzake alimwonyesha video ili wacheke. Riziki alicheka pia, alituambia mwenyewe, mpaka aliposikia yale maneno. Akaangalia uso. Akaangalia tena na tena. Nyuma ya Mapendo kulikuwa na ubao wa bei wa saluni wenye namba ya simu, lakini kwa kuwa nilirekodi kwenye kioo, namba zilikuwa zimegeuka. Yeye na yule mwanakwaya wakachukua ile simu wakaielekeza kwenye kioo cha fundi mwenzake, zikanyooka, wakazinakili.

Kesho yake asubuhi nilikuta Mapendo amewahi kufika. Alikuwa amechomeka flashi. Nyimbo zikapiga moja baada ya nyingine, na ulipofika wa nane hakuuruka. Akaniambia, "Dada Tatu, kaa." Nikakaa. Akanisimulia Tunduma yote, mwanzo mpaka mwisho, huku wimbo unapiga, ulipokwisha akaurudisha akaendelea.

Tulikaa naye miezi mitatu zaidi, akipanga karatasi zake. Ndiyo miezi ninayoikumbuka nikisema maisha yangu ya Jozi yalikuwa na raha. Simulizi zilirudi, na wateja wakarudi. Nomvula alikuwa anakuja hata asiposuka, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula karanga za Mama Odette. Mapendo alikuwa anacheka. Sikuwa nimejua ana mwanya. Jioni tukifagia tunaimba Kijapani chetu cha uongo wote wanne, Mama Odette akiwa kwaya, mpaka fundi simu wa chini anagonga dari kwa ufagio.

Siku hizi saa nyingine nikisuka peke yangu, mvua ikipiga bati, najikuta nasikiliza kama kuna mtu ataanza kusimulia.

Alisafiri asubuhi moja ya Ijumaa, basi la Lusaka, tukamsindikiza Park Station. Tulikuwa tumebeba mikate na maboga kama mtu anakwenda vitani.

Pale kwenye foleni nikafanya kitu ambacho naona aibu kukiandika. Nilitaka anisafishe. Nikamwambia, kwa namna ya utani, kwamba bila ile video yangu asingempata Riziki.

Hakukasirika. Akanishika mkono na vile vidole vyake virefu, akasema:

"Dada, ile kitu ulifanya ilikuwa mubaya. Na Riziki ameonekana. Yote mbili ni kweli. Usitake moja ikule ingine."

Akanikumbatia, akapanda.

Leo ana duka la kusuka Lusaka pamoja na mdogo wake. Tunaongea kila baada ya wiki mbili hivi. Ana mtoto wa kike sasa, na ameshanitumia sauti ya huyo mtoto akiimba, na mpaka leo sijamsikilizisha mtu.

Nilichojifunza ni hicho hicho alichoniambia kwenye foleni, sina cha kuongeza. Kuna watu humu wanasema mwisho mzuri unafuta yote. Mimi nilikuwepo, nawaambia haufuti. Ila nimejifunza pia kwamba unaweza kufanya ubaya na bado mtu akakushika mkono, na ukishikwa hivyo, unakuwa na deni la kutodai zaidi.

Sasa nanyi nipeni zenu. Ni nani kati yenu ana wimbo wa lugha asiyoijua ambao akiusikia anajua kabisa unasema nini? Andikeni hapo chini, nitasoma nikipumzika kati ya wateja. Matusi juu ya ile video nayapokea, nimeyastahili.

Ila Mapendo msimguse.